Naombeni ushauri: maji ya kuosha dhahabu Ikolomani
Wadau, sisi ni wachimbaji wadogo huku Ikolomani, Kakamega, na maji ya kuosha mawe tukishasaga tunatoa kwa kijito kile kile akina mama wanachota ya kupikia, jana nimeona mtungi wa kukhu (nyanya) mmoja umejaa tope jekundu roho ikaniuma sana. Kule Chile mgodi wa shaba wa Escondida unatumia maji ya bahari yaliyotolewa chumvi, wanayapampu mpaka mlimani zaidi ya mita 3,000. Sisi bahari iko mbali, so nafikiria tuchimbe mashimo matatu, tope litulie, maji yarudi kuosha tena. Lakini zebaki tunayotumia kunasa dhahabu je, si itajaa humo? Chini tutandike nailoni ama simiti? Mwenye amejaribu hii, hata Migori, anieleze tafadhali.