Dozi ya pili ya mpox imechelewa: aanze upya?

Ndugu zangu, niko hapa Goma, naomba ushauri. Mdogo wangu alipata dozi ya kwanza ya chanjo ya mpox, ule ugonjwa wa virusi unaoleta vipele, kabla vita havijafika mjini Januari 2025. Ya pili, ambayo hutolewa baada ya wiki 4, aliikosa. Siku ya dozi ile ya kwanza mkono ulimvimba, akapata homa kidogo, na mama hadi leo anasema chanjo ilimpa ugonjwa. Nimemweleza: virusi vya chanjo hiyo haviwezi kuzaliana mwilini mwa mtu, homa ile ni kinga ikianza kazi. Hajakubali.

Wauguzi, nisaidieni. Seli za kumbukumbu (zile za kinga zinazokumbuka virusi) za dozi ya kwanza bado zipo, au aanze upya? Sasa mdogo wangu ananyonyesha, na jirani ametoka vipele.