Nyasi ya mguu wa kunguru

Muulizaji, Malindi: Jamani, tangu masika shamba la mihogo limejaa nyasi yenye masuke manne mafupi, yametanuka kama mguu wa kunguru. Shina hulala mchangani, fundo likigusa chini hutoa mizizi. Shemeji ashikilia ni ukoka. Mimi nakataa.

Jibu, Lamu: Tazama mwisho wa suke, mwanangu. Kukiwa na kijiti kitupu kilichochongoka, hiyo ndiyo nyasi ya mguu wa kunguru, Dactyloctenium aegyptium. Mbegu zikifika hadi nchani na shina ni bapa, jeupe chini, ni nyasi nyingine, Eleusine indica, jamaa ya nafaka ya wimbi.

Muulizaji: Kijiti kipo, kimenidunga!

Jibu: Basi ng'oa kabla mbegu hazijapukutika. Hii hufa mwaka uleule. Ukoka ndio wa kudumu. Wape mbuzi, wanaila.