Tupeane uzoefu: ulivyobishana kuhusu kotabeki wa kuchaguliwa kwenye drafti ya NFL

Wakuu, kila mwaka ikifika mwezi wa nne hapa Marekani kunakuwa na ubishi ambao sisi wageni huanza kwa kuusikiliza tu kazini, halafu siku moja unajikuta na wewe unapiga meza. Timu 32 za NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, raundi saba, na iliyoboronga zaidi msimu uliopita ndiyo inayoanza kuchagua vijana wanaotoka vyuoni. Nafasi nyingine zote watu huzijadili kwa adabu. Ikifika kotabeki, yule anayeshika mpira kila shambulizi na kuamua uende kwa nani, adabu inaisha.

Leteni visa vyenu. Ulikuwa upande wa nani, na hoja yako ilisimama juu ya nini? Za kunakili magazetini tunazo tayari.

Wa Charlotte
Nipo ghala la mizigo, zamu ya usiku. Machi 2023 Panthers, timu yetu ya hapa, walipopanda hadi nafasi ya kwanza ya kuchagua, waliwapa Chicago Bears nafasi ya 9 na ya 61 za mwaka ule, chaguo la raundi ya kwanza la 2024, la raundi ya pili la 2025, na juu yake wakamwongezea DJ Moore, mpokeaji pasi wao bora. Zamu nzima ikagawanyika: Bryce Young wa Alabama au C.J. Stroud wa Ohio State?

Wa Young walisema kijana anausoma mchezo kabla haujaanza. Wa Stroud walikuwa na neno moja tu, kimo. Young alipimwa futi 5 na inchi 10, na mbele yake wanasimama majitu. Mimi nilikuwa wa Young, lakini nilikuwa na swali ambalo pande zote mbili zililikwepa: akishafika, atampasia nani, ikiwa Moore tumemtoa kama malipo?

Wakamchukua Young, na msimu ule aliangushwa na mpira mkononi mara 62. Timu ilishinda mechi mbili kati ya 17, na kocha Frank Reich hakufika hata Desemba. Kazini nikawa naulizwa kila Jumatatu kama Young amerefuka.

Nesi, Houston
Pole sana wa Charlotte, ila kwetu ubishi ulianza kabla yenu. Januari 8, 2023, Texans, timu yetu, walihitaji kufungwa tu na Colts ili wapate hiyo nafasi ya kwanza. Wakashinda 32-31, kwa pasi ya Davis Mills mwishoni kabisa pamoja na zile pointi mbili za nyongeza. Nilikuwa kwenye chumba cha mapumziko na wenzangu. Sijawahi kuona watu wanatukana kwa sababu timu yao imeshinda! Usiku uleule kocha Lovie Smith akafutwa kazi. Nafasi ya kwanza ikaenda Chicago, Chicago wakaiuza kwenu.

Sasa tukabaki na ya pili, na wenzangu wakawa wanamwongelea Stroud kama makombo. Yakavuja matokeo ya mtihani wa S2, ule wa kupima kasi ya ubongo, yakisema alifanya vibaya. Nikawaambia: hapa wodini tunapima watu kutwa, na karatasi moja haijawahi kunitosha kumjua mgonjwa. Tukamchukua, na mwaka wake wa kwanza alirusha yadi 4,108, tachidauni 23 (pasi zilizofika hadi eneo la mwisho la wapinzani), mpira ukanaswa na wapinzani mara 5 tu. Tukashinda mechi 10.

Columbus, Ohio
Mngetuuliza sisi. Wengi waliokuwa wakimpima Stroud kwa karatasi hawakuitazama ile nusu fainali ya vyuo na Georgia, mkesha wa mwaka mpya, Desemba 31, 2022. Walikuwa wakisema hawezi kutoka eneo lake na kukimbia. Siku ile alikimbia, akarusha tachidauni 4 dhidi ya mabeki ambao msimu mzima hawakuwa na huruma na mtu. Tulifungwa 42-41 baada ya mpigaji wetu kukosa goli la mguu saa sita kamili ya usiku. Nililala na hasira hadi mchana, ila kuhusu Stroud sikuwa na swali tena.

Mleta mada
Naona kitu hapa. Wa Charlotte na nesi wanabishana kuhusu vijana wawili, lakini nikisoma vizuri naona timu mbili. Mmoja alikuta mpokeaji ameuzwa na ukuta unavuja. Mwingine alikuta kocha mpya, DeMeco Ryans, na nyumba iliyoanza kupangwa. Kwa maoni yangu, anayetaja jina la kotabeki bila kutaja wanaomlinda hajamaliza sentensi. Haya, mpigeni mleta mada.

Dar
Drafti inaanza kwetu saa tisa usiku. Mke wangu anauliza ni mechi gani, namwambia hakuna mechi, ni watu wanasoma majina. Ananitazama tu. Swali: Tom Brady, kotabeki aliyekuja kutwaa ubingwa mara saba, alichaguliwa wa 199 mwaka 2000. Hao wataalamu walikuwa wanaangalia nini?

Minneapolis
Nami niongeze kwa ufupi. 2024 Vikings walimchagua J.J. McCarthy wa Michigan nafasi ya 10. Akaumia goti Agosti, msimu ukamwisha kabla haujaanza. Aliyecheza ni Sam Darnold, aliyechaguliwa wa 3 na Jets mwaka 2018 na kuzungushwa timu kadhaa. Tukashinda mechi 14. Mleta mada, hoja yako naikubali.

Mzee wa Chicago
Ninyi watoto mnalia? Mwaka 2017 Bears walitoa chaguo tatu za ziada ili wasogee kutoka nafasi ya 3 hadi ya 2, hatua moja, wamchukue Mitchell Trubisky, aliyeanza mechi 13 tu chuoni. Patrick Mahomes, kotabeki aliyekuja kuwa bingwa, bado alikuwepo. Akaenda Kansas City nafasi ya 10. Mpaka leo nikiona jezi nyekundu nabadilisha chaneli.

Ikaja 2024, lile chaguo la Charlotte limekuwa nafasi ya kwanza na liko mkononi mwetu. Nyumbani kwangu mpwa wangu anamtaka Caleb Williams wa USC, mimi nasema abaki kotabeki wetu Justin Fields, nafasi ile tuiuze tupate walinzi. Wakamchukua Williams, Fields wakampeleka Pittsburgh kwa chaguo la raundi ya sita. Williams akaangushwa mara 68 mwaka wake wa kwanza. Sitaki kusema nilisema.

Mpwa wa mzee wa Chicago
Shikamoo mjomba. Kumbe na wewe uko huku. Waambie basi kwamba 2017 hukumtaka Mahomes. Ulimtaka Deshaun Watson, na Mahomes ulisema anarusha mpira kama mtu anayefukuza kunguru. Mama ni shahidi. Na hao walinzi wa kumlinda Fields uliwataja jana tu, 2024 ulikuwa unalia na kocha.

Mzee wa Chicago
Marahaba. Jumapili usije kula kwangu.