Siku moja ya mvua Brussels: mimi na mke wangu tuitumieje?

Mnyamwezi wa Isevya (Tabora):
Ndugu zangu, nawasalimu. Mwezi Novemba mimi na mke wangu tutakwenda Ubelgiji kumwona binti yetu anayesoma Leuven, na siku moja atakapokuwa na mtihani tutabaki wawili peke yetu mjini Brussels. Ametutahadharisha kwamba mvua ya huko si kama yetu ya Novemba, inayopiga kwa kishindo kisha jua likatoka, bali ni manyunyu ya baridi yanayoweza kuendelea tangu asubuhi hadi usiku. Mke wangu anasumbuliwa na goti. Naomba ushauri wa aliyewahi kutembea mji huo katika hali kama hiyo: tuanzie wapi, na tuache nini?

Mama wa Mwanga (Kigoma):
Kaka, mimi na baba watoto tulinyeshewa Brussels siku nzima, na hadi leo naikumbuka siku ile kwa furaha. Tulianzia Grand-Place, uwanja mkuu wa mji wa kale, ambao Wafaransa waliupiga mizinga mwaka 1695 na wenyeji wakaujenga upya kwa miaka michache tu. Mvua haiupunguzii uzuri, kwa sababu dhahabu iliyopakwa kwenye majengo inang'aa zaidi yakilowa. Hata hivyo mawe yaliyotandazwa chini yanateleza sana, kwa hiyo shemeji avae viatu vyenye soli ya mpira na akushike mkono.

Mvua ilipozidi tuliingia Galeries Royales Saint-Hubert, njia ndefu ya maduka iliyoezekwa kwa vioo tangu mwaka 1847, mwendo mfupi kutoka uwanjani. Tulikaa humo karibu saa mbili tukinywa kahawa na kusikiliza mvua juu ya vioo. Ile sanamu ndogo ya mtoto anayekojoa msiihangaikie barabarani, kwani iliyoko pale ni nakala. Ya asili imehifadhiwa katika makumbusho ya mji, palepale Grand-Place, ndani ambako hakuna mvua.

Lakini nililotaka hasa kukuambia wewe mtu wa Tabora ni hili. Nyuma ya jengo la zamani la soko la hisa, karibu na kanisa la Mtakatifu Nikolasi, upo mtaa mfupi ambao kibao chake kimeandikwa Rue de Tabora, na kwa Kiholanzi Taborastraat. Mume wangu, ambaye mama yake ni Mnyamwezi, alisimama chini ya kibao kile mvua ikimnyeshea, akakataa kuondoka mpaka nimpige picha.

Mzee wa Kiloleni (Tabora):
Mama wa Mwanga amegusa jambo kubwa. Jina lile linatokana na vita: mnamo Septemba 1916 jeshi la Kongo ya Wabelgiji, likiongozwa na Jenerali Tombeur, liliwatoa Wajerumani Tabora baada ya kuchukua Kigoma mwezi Julai. Baadaye jenerali huyo alipewa cheo cha ubaroni chenye jina la mji wetu. Askari waliopigana, hata hivyo, walikuwa zaidi Wakongomani, na mizigo ilibebwa na wapagazi wengi mno, wala majina yao hamtayakuta kwenye kibao chochote pale mtaani.

Ndiyo maana nawashauri mwende Tervuren, mji mdogo nje kidogo ya Brussels, kwenye makumbusho ya Afrika ya Kati, yaliyofunguliwa upya Desemba 2018. Humo zimehifadhiwa karatasi za Stanley, aliyepita Tabora kabla ya kumkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871. Kando ya kanisa la Tervuren yapo makaburi saba ya Wakongomani walioletwa mwaka 1897 kuonyeshwa kwa watazamaji, wakafia ugenini. Nilipofika pale mvua ilikuwa ikinyesha, nikawasomea dua.

Mama wa Mwanga (Kigoma):
Shikamoo, mzee. Maneno yako ni ya kweli, ila naogopea goti la shemeji wakifanya yote kwa siku moja.

Mzee wa Kiloleni (Tabora):
Marahaba, mwanangu. Safari yenyewe ni ya kuketi. Wapande treni ya chini ya ardhi kutoka katikati ya mji hadi Montgomery, kisha tramu namba 44, inayopita katikati ya msitu hadi Tervuren. Kwa mwenye goti bovu, kuutazama msitu uliolowa kupitia dirishani ni mapumziko. Wasiende Jumatatu tu, kwa kuwa makumbusho hufungwa.

Mnyamwezi wa Isevya (Tabora):
Nawashukuru sana. Nimemsomea mke wangu majibu yote, naye ameamua: Tervuren asubuhi, kahawa chini ya vioo mchana, na jioni mtaa wa Tabora. Grand-Place tutaiona tukipita kuelekea huko. Ameuliza kama karibu na makaburi yale panauzwa maua, au tuyanunue mjini kabla ya kupanda tramu?

Mzee wa Kiloleni (Tabora):
Yanunueni mjini.