Kwa nini tamthilia za Kipakistani zinatushika hivi? Na nimwekee mama ipi baada ya Kabhi Main Kabhi Tum?

FundiWaNgamiani ameuliza:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, naishi na mama yangu mwenye miaka 72. Nina swali, ila mnivumilie, nitaandika kirefu.

Ilianzia kazini. Mteja alinipa simu yake akasema, "Dada, nataka kama hii ya Sharjeena." Sharjeena simjui. Nikamwomba anitumie picha nione mkono ulivyokatwa, yeye akanitumia episodi nzima. Mkono niliuona dakika za mwanzo tu. Tamthilia nikaimaliza episodi zote 34.

Walioitazama Kabhi Main Kabhi Tum ya mwaka 2024 wanajua ninachosema. Sharjeena ameposwa na Adeel, kijana anayetegemewa na nyumba nzima. Siku ya harusi Adeel anamwacha, kapata binti wa kitajiri. Wageni wameshakaa. Anayemuoa ni mdogo wake, Mustafa, ambaye baba mtu hamwoni wa maana, kutwa na michezo yake ya kompyuta. Mahaba hayapo. Kuna nikaha, kuna chumba kimoja, na kuna watu wawili wanaoonana haya.

Hapo ndipo iliponikamata. Hadithi nilizokulia, harusi ndiyo mwisho: pilau, vigelegele, kwaheri. Hapa harusi ndiyo inafungua mlango, na nyuma ya mlango yupo mama mkwe, yupo baba mkwe, na yupo yule yule Adeel aliyekimbia, sasa ni shemeji. Mtu anajifunza kumpenda mwenziwe huku nyumba nzima inasikiliza. Kisha wanatoka, wanapanga nyumba ndogo, wanahesabu pesa ya kula. Mimi niliyepanga chumba na choo cha nje miaka sita nilikuwa natikisa kichwa peke yangu. Mustafa anapojua mkewe kachoka bila kuambiwa, hakuna kukumbatiana wala kubusiana pale, lakini nilisimamisha simu nikaenda kunywa maji.

Sasa mama. Mama Kiingereza hajui, na maandishi ya chini ni ya Kiingereza. Kwa hiyo jioni nikishafunga kazi, naegemeza simu kwenye cherehani, nasoma na kumtafsiria kwa sauti. Siku ya tatu akanikatiza: "Huyo kasema lakini!" Kweli, wao husema *lekin*. Tangu hapo akawa anayavizia maneno: *dunia* ni dunia, *waqt* ni wakati, *sabr* ni subira, *bas* ni basi, *talaq* tusiombe. Nikimwambia maneno mengi hayo wao na sisi tumeyatoa kwa Waarabu, hataki. Anasema, "Hawa ni watu wetu, wamekaa mbali tu."

Ikafika pale Sharjeena anapopoteza mimba. Nilitafsiri kwa sauti ya chini, nikadhani mama amesinzia. Hakuwa amesinzia. Akasema, "Kabla yako kulikuwa na mwingine. Wa kiume. Hakuzaliwa." Nina miaka 41, na hilo sikuwahi kulisikia. Alinieleza mpaka saa sita usiku: nani alimpeleka hospitali, mama mkwe wake alisema nini, baba alikaa wapi kulia ili asionekane. Simu iliishiwa chaji tukaendelea gizani.

Kwa hiyo nina maswali mawili. La kwanza, nataka sasa kitu cha kutuchekesha. Mama amelia vya kutosha, na nataka familia nzima itazame bila mtu kuinamisha uso. La pili, ninyi zinawashika kwa nini? Nimetazama za Kituruki, za Kihindi, za Kifilipino. Nzuri. Lakini hakuna iliyomfanya mama aseme.

---

BibiMatrah:

Mwanangu, mpe mama yako salamu zangu, mwambie mwenziwe wa Maskati amemlilia.

Mimi ni mzaliwa wa Unguja, nimeolewa huku tangu 1975. Miaka ya themanini jirani yangu wa mtaa wa Matrah, hapa Maskati, alikuwa Mbulushi, kwao Gwadar, mji uliokuwa wa Oman hadi 1958 ukaenda Pakistani. Ndugu zake walikuwa wakimletea kaseti za video kutoka Karachi. Yeye anatafsiri Kiurdu kwa Kiarabu, mimi nageuza kwa Kiswahili kumwambia mkwe wangu. Kwa hiyo kazi yako hiyo ya kusoma kwa sauti naijua, koo linakauka.

Yule baba yao Mustafa kwenye tamthilia yako anaitwa Javed Sheikh. Mie nimemwona kijana, 1982, kwenye Ankahi. Nilipomwona juzi na mvi zake nikamwita mjukuu wangu, nikamwambia njoo umtazame, huyu tumezeeka naye.

Ankahi aliiandika Haseena Moin, akaandika Tanhaiyaan ya 1985 na Dhoop Kinare ya 1987, zote za PTV, televisheni ya serikali. Wakati ule chaneli ilikuwa hiyo moja tu. Huyu mama amefariki Machi 2021, Mungu amrehemu. Wasichana wake walikuwa hawatulii! Tanhaiyaan ni ndugu wawili wa kike, wazazi wamefariki, wanakaa Karachi kwa mama yao mdogo, na yule mkubwa, Zara, hana analowaza ila kuinunua tena nyumba ya baba yake. Kapata mchumba lakini roho yake imo ndani ya ile nyumba. Nilimwelewa sana. Nyumba yetu ya Malindi naijua mpaka mlio wa ngazi zake.

Dhoop Kinare ni ya hospitali. Dokta Zoya mcheshi, anachelewa, anacheka na wagonjwa. Mkubwa wake, Dokta Ahmer, amekunja uso kama amekula ukwaju. Wanapendana polepole, kwa maneno machache mno. Picha zake za zamani, rangi zimefifia, lakini mama yako hatajali. Watu wa umri wetu tunazipenda rangi hizo.

Umeuliza zinatushika kwa nini. Kwangu ni adabu ya maneno. Kijana akimwambia msichana jambo zito, husema kidogo, akanyamaza. Mimi na marehemu mume wangu tuliishi vile. Hakuwahi kuniambia ananipenda. Alikuwa akinimenyea komamanga.

---

MuuguziKisauni:

Dada Fundi, pole kwa mama, na hongera kwa kupata mazungumzo hayo. Shikamoo Bibi.

Mimi nazitazama na nazipenda, lakini nitasema jambo ambalo mashabiki wenzangu hapa Mombasa hawapendi nikilisema. Nyingi ya tamthilia hizi zinamtukuza mwanamke kwa kiasi cha mateso aliyoyabeba. Chukua Humsafar ya 2011, iliyowapaisha Fawad Khan na Mahira Khan. Mama mkwe anamtengenezea Khirad fitina, mume anaamini, Khirad anatupwa nje usiku akiwa mjamzito. Analea mtoto mgonjwa wa moyo peke yake. Mwisho wanarudiana, nasi tunafuta machozi. Nililia kama wengine. Lakini mimi nafanya kazi zamu ya usiku, na wanawake waliotupwa nje usiku nawapokea kwa mikono yangu. Wengine mama zao wamewaambia "subiri mwanangu", kwa neno lile lile la *sabr* analolipenda mama yako.

Na makofi! Kuna tamthilia mume anampiga mke kofi katika episodi ya tano na ikifika ya ishirini tunaombwa tumhurumie mume. Hapana.

Kwa hiyo mimi nachagua. Ninayoirudia ni Zindagi Gulzar Hai ya 2012. Watu wengi husimulia Zaroon na Kashaf, tajiri na maskini, wanaogombana chuoni mpaka wanaoana. Mimi natazama kwa ajili ya Rafia, mama yake Kashaf. Mumewe ameoa mke wa pili kwa sababu Rafia amezaa wasichana watatu tu. Rafia hapigi magoti. Ni mwalimu, anasomesha wanawe kwa mshahara wake, na Kashaf anakuwa ofisa mkubwa wa serikali. Zaroon ananiudhi, ana maneno ya kumpangia mke aishi vipi, na tamthilia inamsamehe haraka kuliko ningemsamehe mimi. Lakini imetungwa na mwanamke, Umera Ahmad, na kuongozwa na mwanamke, Sultana Siddiqui, na kuna mazungumzo ya mama na mabinti jikoni ambayo sijayaona kwingine.

Si ya kucheka sana. Iwekeni akiba.

---

Kijana_wa_Buguruni:

Shikamooni. Dada, jibu la swali la kwanza ni Suno Chanda, 2018. Usitafute mbali.

Wenzetu kule kila Ramadhani hutoa tamthilia nyepesi, za kuchekesha, zinazoonyeshwa kila siku badala ya mara moja kwa wiki, na hadithi inafungwa Idi ikiingia. Suno Chanda ndiyo iliyolichangamsha jambo hilo. Arsal na Jiya ni binamu, babu yao aliyekuwa anakufa aliwaozesha. Nikaha ipo, bado *rukhsati* tu, yaani siku ya bibi harusi kutolewa kwao. Hilo neno mwambie mama alisikilize vizuri, ni ruhusa hiyo hiyo yetu. Wote wawili hawataki, wanapanga njama usiku na mchana ili ndoa ivunjike, na wanaishi nyumba moja yenye bibi, mama wakubwa, baba wadogo na kelele.

Mwandishi ni Saima Akram Chaudhry. Mkiimaliza kuna Chupke Chupke yake ya 2021: wake wenza wawili, familia zao jirani, hazipatani, na wajukuu wanapendana. Mimi nimelelewa kwa bibi mwenye mwenza, niliicheka mpaka mbavu zikauma kwa sababu hata namna ya kugombania ndoo naijua.

Bando: tafuta chaneli yenyewe ya televisheni yao YouTube, shusha ubora hadi 240. Maneno yanasomeka vizuri tu.

---

FundiWaNgamiani amejibu:

Nimechelewa kurudi, kulikuwa na sare za harusi mbili. Shikamoo Bibi. Komamanga hilo nimemsomea mama mara mbili, na mara ya pili ameniomba nisome polepole.

Dada Muuguzi, nimekaa na maneno yako siku nne. Nilitaka kukujibu kwamba tamthilia ni tamthilia. Halafu nikakumbuka kwamba mama alipokuwa ananieleza habari ya yule mtoto, sehemu iliyomchukua muda kuitamka haikuwa kifo. Ilikuwa ni kwamba alibeba ndoo mbili za maji siku ile, mama mkwe yupo barazani anatazama, na yeye akaona kukataa ni utovu wa adabu. Nikamuuliza, "Mama, ungekataa?" Akasema, "Leo ningekataa." Kwa hiyo uko sahihi, na sijui kama ningelisikia neno hilo bila Sharjeena. Yote mawili nayashika. Rafia tutamtazama, nimekuahidi.

Suno Chanda tumeanza. Kijana wa Buguruni, Mungu akuzidishie. Episodi ya kwanza ilikuwa vurugu tupu, watu wengi mno, mama kila dakika ananiuliza huyu ni nani wa nani. Nikachukua chaki ya kukatia nguo, nikamchorea ukoo ule juu ya kitambaa cheusi kilichobaki: bibi juu, watoto wake chini, Arsal huku, Jiya kule. Sasa hicho kitambaa hakitoki pale, kila jioni anakitandaza magotini kabla sijawasha simu. Anakisoma kuliko mimi. Shangazi fulani akiingia na maneno yake, mama anaweka kidole kwenye jina lake anasema, "Ndiye huyu mchochezi."

Na tayari kakasirika na Jiya. Anasema msichana anampenda mumewe na hajui. Nikamwambia, mama, ndiyo kwanza episodi ya nne, wanarushiana maneno tu. Akaniambia, "Humrushii maneno mtu usiyemfikiria."

Watoto wa jirani wameanza kuja. Jana walikuwa watano sakafuni na mmoja amelala juu ya marobota ya khanga. Natafsiri, wanacheka, nashindwa kumalizia sentensi, wananipigia kelele nisome. Mama ndiye anawanyamazisha.

Niishie hapa, ananiita. Anasema nimeruka maneno ya bibi yao, nirudishe nyuma.