Tupeane uzoefu: Usaili wa nafasi za juu kwenye udhibiti wa kasino na michezo ya kubahatisha

Wakuu, uzi huu ni wa wanaojiandaa na usaili wa ukurugenzi au ukuu wa idara kwenye mamlaka za serikali zinazosimamia kasino, mashine za sloti na ubashiri wa michezo. "Vaa vizuri, jiamini" tumeshaisikia. Tuelezane jopo linauliza nini, linatafuta nini na watu wanaangukia wapi. Anayejua eneo moja tu aeleze hilo hilo, ila alimalize.

Faili_Safi:
Kwa nafasi hizi upekuzi una uzito kuliko majibu yako mezani. Andaa mapema taarifa za benki na za kodi, orodha ya mali na jinsi kila moja ilivyopatikana, madeni, na kampuni zote ambazo jina lako limo, hata zilizolala. Ongeza maslahi ya mwenza, watoto na ndugu wa karibu. Mali yenyewe huwa haimwangushi mtu. Kinachomwangusha ni ile ambayo hakuitaja na wapekuzi wakaikuta wenyewe.

Una akaunti ya kubeti? Itaje, ifunge, toa nakala ya miamala yake. Mamlaka nyingi hukataza watumishi wao kucheza kwa waendeshaji wanaowasimamia, na miamala huonekana tu benki. Kama umewahi kufanya kazi kwa mwendeshaji, usingoje kuulizwa. Sema ni maamuzi gani utajitoa, kwa muda gani, na nani atayashika badala yako. "Nitakuwa mwadilifu" halihesabiwi kuwa jibu.

Hesabu_za_Meza:
Swali la ruleti halikosekani, kwa sababu linamtenga anayeijua biashara na aliyekariri sheria. Ruleti ya sifuri moja ina namba 37. Weka 1 kwenye kila namba, umetoa 37. Iliyotoka inakulipa 35 na dau lako la 1 linarudi, una 36. Nyumba (yaani kasino) imebaki na 1 kati ya 37, yaani asilimia 2.70. Ongeza sifuri ya pili, nyumba inachukua 2 kati ya 38, asilimia 5.26.

Hapo ndipo mtego unapotegwa: "Kama faida ya nyumba ni asilimia 2.70, mbona ripoti inaonyesha meza imebakiza asilimia 20?" Wengi wanajibu kwamba kuna wizi. Hapana. Ile 2.70 inapigwa kwenye kila dau, wakati asilimia 20 inapigwa kwenye pesa iliyoingia sanduku la meza (noti ambazo wachezaji wamebadilisha kuwa chipu), na chipu ile ile huzungushwa mara nyingi kabla mchezaji hajainuka. Ni vipimo viwili tofauti.

Jua pia kanuni ya mapato ya meza: chipu za kufungia, jumlisha pesa ya sandukuni, jumlisha chipu zilizorudishwa kwa keshia, toa zilizoongezwa mezani, toa za kufungulia. Mfano: imefungua na 50,000, ikaongezewa 20,000, ikarudisha 5,000, ikafunga na 33,000, sandukuni mna 40,000. Jibu ni 8,000, sawa na asilimia 20 ya sanduku.

Wakikuuliza kwa nini asilimia hiyo imeporomoka kwa miezi kadhaa, anza na bahati: wachezaji wachache wenye madau makubwa wanaweza kuivuruga. Kisha nenda kwenye fomu za kuongeza chipu zilizosainiwa bila chipu kufika, dila (mhudumu anayeendesha meza) anayelipa kupita kiasi, na makosa ya kuhesabu. Sababu ambayo wengi huisahau: watu wanabadilisha noti mezani, wanapokea chipu, wanaondoka bila kucheza. Sanduku linanenepa, ushindi wa nyumba hauongezeki, asilimia inashuka.

Na kama una dakika ya ziada, zungumzia funguo. Ufunguo wa kulitoa sanduku mezani na wa kulifungua visiwe kwa mtu mmoja, na chumba cha kamera kisiripoti kwa meneja wa sakafu.

Noti_na_Chipu:
Naongezea hapo kwa @Hesabu_za_Meza, maana hao wanaobadilisha noti bila kucheza ndio mlango wa maswali ya utakatishaji fedha. Kaa na mapendekezo ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na utakatishaji fedha, kwa namba. Pendekezo la 22: kasino imtambue na kumhakiki mteja miamala inapofika dola au euro 3,000, na miamala inayohusiana hujumlishwa. La 28: kasino iwe na leseni, na wahalifu wazuiwe kuwa wamiliki wanufaika (wamiliki halisi walio nyuma ya majina ya kwenye karatasi) au kushika uongozi. La 21: ni marufuku kumdokeza mteja kwamba ametolewa taarifa.

Hilo la mwisho ndilo linalowamaliza watu. Wanapewa kisa cha mteja anayegawa pesa vipande vidogo vidogo, wanajibu "tutamwita tumhoji". Umeshamwambia akimbie! Jibu ni kwamba kasino inapeleka taarifa ya muamala wa shaka kwenye kitengo cha serikali cha taarifa za fedha, huku wewe kama mdhibiti ukikagua kama mfumo wao uliuona na ulichukua muda gani. Dalili nyingine za kutaja: wawili wanaojifanya hawajuani, mmoja ameweka nyekundu na mwenzake nyeusi kwa kiasi kile kile. Wanapata hasara pale tu sifuri inapotoka, na mmoja anatoka na "ushindi" wenye risiti.

Fundi_Sloti:
Kwenye sloti jopo hupenda kisa cha malalamiko: mashine imeidhinishwa irudishe kwa wachezaji asilimia 92 ya madau, wiki hii imerudisha 70. Unafanyaje? Usikimbilie kuifunga, wala usiseme ni kawaida. Uliza kwanza imezungushwa mara ngapi na mchezo wenyewe una jakipoti kubwa kiasi gani. Mizunguko michache ikiwa na jakipoti kubwa ambayo haijatoka, 70 inawezekana bila ujanja wowote.

Kisha toa hatua kwa mpangilio: mashine isiguswe na mtu, piga picha mita zote (dau zilizoingia, ushindi uliolipwa, malipo ya mkono, noti), kagua lakiri ya ubao mkuu, toa sahihi ya kidijitali ya programu uilinganishe na cheti cha maabara, linganisha mita na mfumo mkuu wa ufuatiliaji, chukua kumbukumbu za nani alifungua mlango na saa ngapi. Kosa kubwa kabisa ni kumruhusu fundi wa kasino afute kumbukumbu ya mashine kabla mita hazijaandikwa. Baada ya hapo huna kesi. Ukitaja viwango vya kiufundi vya maabara ya GLI, yaani GLI-11 kwa mashine na GLI-19 kwa michezo ya mtandaoni, uwe umezisoma, kwa sababu swali linalofuata litakuwa humo ndani.

Kalamu_Nyekundu:
Kisa cha maamuzi huwa hivi: mwendeshaji anayelipa kodi kubwa kuliko wote amekutwa na watoto wanacheza, na kiongozi wa juu amekupigia uende polepole. Kuna majibu mawili mabovu, "nafunga leo" na "tutakaa tuelewane". Linda ushahidi kwanza, hasa picha za kamera kabla hazijafutika zenyewe. Toa notisi ya maandishi yenye kifungu kilichovunjwa, mpe nafasi ya kujitetea, pima adhabu kwa uzito wa kosa na historia yake, andika sababu. Kusimamisha leseni kwa dharura kupo, ila kuwe na hatari inayoendelea unayoweza kuithibitisha mahakamani. Kuhusu simu: omba maelekezo yaje kwa maandishi, yaingie kwenye faili, na uamuzi ubaki kwa chombo kilichotajwa na sheria.

Mifano ya nje inasaidia ukiitumia kwa hoja. Jimbo la Nevada, Marekani, limetenganisha Bodi inayochunguza na Tume inayoamua, kwa hiyo anayekusanya ushahidi siye anayeamua. Uingereza ilipiga marufuku kubeti kwa kadi za mkopo Aprili 2020, hatua inayolenga madeni badala ya mchezo wenyewe.

Mkeka_Mrefu:
Upande wa mtandaoni nitagusa machache. Mchezaji kujifungia mwenyewe asicheze: je, kunawabana waendeshaji wote au mmoja, matangazo yanakoma, salio linarudishwa? Pesa za wateja: zimetengwa na za kampuni, au zitazama nayo ikifilisika? Upangaji wa matokeo: Mkataba wa Macolin wa Baraza la Ulaya, unaotumika tangu Septemba 2019, unataka majukwaa ya kitaifa ya kubadilishana taarifa kati ya wadhibiti, vyama vya michezo na polisi. Ulijue jukwaa hilo linavyofanya kazi.

Na ukifika muda wa "una swali?", uliza bajeti ya mamlaka inatoka wapi. Kama yote ni ada za leseni, uliza nini kinatokea kwa mishahara ya wakaguzi leseni kubwa ikifutwa. Sikiliza nani anajibu, na nani anamtazama mwenzake.