Eti mimi nimekuja Tanga kufanya nini?!

Wakuu, naandika mikono inatetemeka, maboksi bado yamefungwa. Yule mama mwenye nyumba wa Chumbageni. Mnamjua, msijifanye hamumjui, nusu ya mji huu imewahi kupanga kwake. Asubuhi hii kanidhalilisha mbele ya mume wangu na vijana wa kushusha mizigo.

Mume kapata kazi huku, tumehama kutoka Dar. Tumempa kodi ya miezi 6, taslimu. Kahesabu noti mara mbili, kila noti analamba kidole gumba, kazifunga kwenye pindo la kanga. Kisha akanitazama kuanzia kilemba mpaka ndala, akamuuliza mume wangu, sio mimi, MUME WANGU: "Wewe umekuja kazini. Na huyu kaja kufanya nini?"

Na huyu! Kama godoro lililosahaulika kwenye Fuso!

Nimefunga saluni yangu ya Sinza, miaka 9 ya jasho. Draya mbili za kusimama nimeziuza kwa bei ya kutupa. Kuna mteja nimemsuka toka yuko kidato cha pili mpaka harusi yake, siku ya kuagana kalia kama kafiwa. Leo naitwa "na huyu". Bomba la mafuta linatoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani hapa hapa Tanga, kilomita 1,443, hakuna anayeliuliza limekuja kufanya nini. Mimi wa Sinza tu hapa ndio nihojiwe!

Na alisubiri jibu, jamani. Kashika funguo, hatoi, mpaka ajibiwe. Mume wangu akasema: "Anapumzika kwanza."

ANAPUMZIKA! Watu wa Tanga, ndivyo mnavyopokea wageni?

Mkwezi wa Makorora: Pole dada. Ila hapo wa kumfungulia uzi ni huyo wa "anapumzika kwanza". Bi mkubwa kauliza tu.

Mleta uzi: Hakuuliza! Ungeisikia ile "na huyu" alivyoivuta ungeelewa. Huyo mwingine tutaonana naye usiku.

Baiskeli Mbovu: Waja leo, walalamika leo. Hata chumvi hujanunua!

Shangazi wa Mikanjuni: Mie nimekaa kwake mwaka mzima. Mgeni akibisha hodi, yeye ndiye wa kwanza dirishani: "Analala au anaondoka?" Mama yangu mzazi kaulizwa hivyo, na mkungu wa ndizi kichwani.

Mbuzi ya Nazi: Afadhali huyo nyumba anayo. Dalali kala kodi yangu ya mwezi mzima, kaniambia nyumba ipo Sahare, tupu. Nafika na kitanda, nakuta familia ya watu inakula ubwabwa.

Mkwezi wa Makorora: Mrefu, ana pikipiki nyekundu?

Mbuzi ya Nazi: HUYO HUYO!

Baiskeli Mbovu: Kumbe tupo wengi. Mimi kaniuzia kiwanja Pongwe, masika ikianza maji yananifika magotini. Nikimpigia anasema nifuge samaki.

Mbuzi ya Nazi: Mkuu njoo chemba, tumtafute leo leo.

Mleta uzi: Jamani, mimi nimeitwa "na huyu"!

Mkwezi wa Makorora: Pikipiki yenyewe nimeiona saa hizi inapita Kange, wahini.

Shangazi wa Mikanjuni: Dada, draya zote uliuza? Nina mdogo wangu anafungua saluni Muheza, anatafuta hata moja.